Siku ya baraza la madiwani, Kigoma Ujiji

Saa 11:30 alfajiri. Mimi ni mwandishi wa redio hapa Kigoma, na leo ni baraza la madiwani. Naanzia Ujiji, kwenye kahawa. Mzee mmoja ananiuliza kama nitamfikishia meya ujumbe: dagaa wamepanda bei.

"Babu, bei ya dagaa haipangwi na meya."

"Sasa joho lile anavalia nini?"

Wenzake wanaangua kicheko. Naahidi kuuliza.

Saa 1 na nusu. Bajaji hadi Mwanga, chai na chapati, betri za kinasa sauti.

Saa 3. Madiwani wanaingia mmoja mmoja, na kwangu mimi nje ya ukumbi ndiko kwenye habari. Ukitaka kupima nguvu za meya, tazama anavyosalimiana na madiwani, nani anavutwa pembeni, nani anapewa mkono juu juu. Mji mzima haukumpigia kura. Mtu wa Gungu au Katonga humchagua diwani wake tu. Kisha wajumbe wa baraza, wa kata 19, wa viti maalumu na mbunge, ndio humchagua meya kutoka miongoni mwa madiwani. Akiangushwa katani kwake, na joho limekwenda. Naibu wake ana kazi ngumu zaidi: kila mwaka anapigiwa kura upya.

Hapa kwetu upepo umeshageuka mara mbili karibuni. Mwaka 2015 ACT-Wazalendo ilishika baraza na Hussein Ruhava akawa meya. Mwaka 2020 CCM ikalirudisha.

Saa 4. Meya anaingia na joho na mkufu, tunasimama, dua inasomwa. Taarifa za kata zinakwenda haraka mpaka inapofika kata yenye mtaro ulioziba. Diwani wake anawaka. Mwingine anadakia, wa tatu anagonga meza. Meya hamkatizi mtu. Anamwacha mheshimiwa aseme mpaka pumzi ziishe, anamshukuru, halafu anamgeukia mkurugenzi: majibu, tena kwa tarehe. Mkurugenzi ameteuliwa na Rais, ndiye mtendaji mkuu, na hundi haziandikwi na meya. Meya ana kiti, ajenda na ulimi. Huyu wa leo anajua kuvitumia, nakiri, ingawa mtaro bado umeziba.

Ikaja mikopo ya vikundi, inayotengewa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hapo hakuna diwani anayesinzia, kwa sababu kila mmoja ana vikundi vinavyomsubiri nyumbani.

Saa 7:20. Baraza linakaa kama kamati kujadili mambo ya watumishi. Maana yake waandishi nje.

Kwa mama ntilie tunapata ugali wa muhogo na mgebuka. Mwenzangu anakumbusha Januari 2020, Isaya Mwita alipopigiwa kura ya kuondolewa umeya wa Jiji la Dar es Salaam, ubishi ukabaki kama theluthi mbili ya wajumbe iliyotakiwa ilitimia au la. Ndiyo maana meya hacheki na mahudhurio, anasema, huku akiniibia kipande cha mgebuka.

Saa 9:40. Namdaka meya mlangoni. Namuuliza mapato, anajibu kwa mfano wa kata yake. Namuuliza usafi wa soko, kata yake tena. La babu anacheka tu, anasema atapita Ujiji mwenyewe.

Saa 12 jioni. Studio. Mhariri anataka sauti ya sekunde 30. Nampa diwani wa mtaro. Ya meya haikatiki, kila sentensi imefungwa na shukrani kwa mtu fulani.

Saa 2 usiku taarifa ya habari inasomwa. Haijaisha, simu inaita. Ni diwani mwingine: mbona mwenzake kasikika na yeye, aliyegonga meza, hakutajwa hata jina?