Kitendawili cha Watawa wa San Jerónimo

Dereva wa teksi alinitoza peso 400 kwa mwendo ambao treni ya chini ya ardhi hutoza peso 5. Nikamhesabia noti nne za mia mia, kila moja ikiwa na sura ya mtawa yule yule niliyetoka Tanga kufuata habari zake: Sor Juana Inés de la Cruz, mshairi wa karne ya 17. Nikashuka na hasira zangu mbele ya konventi yake, yaani nyumba ya watawa, ya San Jerónimo, katikati ya Jiji la Mexico, nako mlinzi akanizuia. Siku hizi ni chuo kikuu. Huna kitambulisho, huingii.

Jiji lile liko juu sana, pumzi haitoshi kwa mtu wa pwani. Nilisimama langoni mpaka binti mmoja anayesoma fasihi akanihurumia, akaniandikisha kuwa mgeni wake. Mengine yote niliyoyaona Mexico nayaacha. Saa zile pamoja naye ndizo zilizonilipa nauli ya ndege.

Nilidhani mtawa wa enzi ya utawala wa Hispania aliishi kama mfungwa. Kumbe vyumba vya San Jerónimo vilikuwa kama vijumba, vina jiko na watumishi. Binti hakunificha kwamba Sor Juana mwenyewe alikuwa na mtumwa, aliyepewa na mama yake. Lilinichoma hilo, na bado linanichoma kila nisomapo beti zake.

Aliweka nadhiri hapa mwaka 1669. Akawa mtunza hesabu wa konventi, akakusanya vitabu, akapokea wasomi na wakubwa wa serikali kwenye chumba cha wageni, nondo za chuma zikiwatenganisha. Mkuu mmoja wa watawa alipompiga marufuku vitabu kwa muda wa miezi mitatu hivi, akaendelea kusoma dunia yenyewe. Aliona wasichana wanachezesha pia, kile kichezeo kinachozunguka, akanyunyiza unga sakafuni ili aone inachora mstari gani. Akasema Aristotle angepika, angeandika mengi zaidi. Hayo aliyaandika mwaka 1691 kumjibu askofu wa Puebla, aliyejificha nyuma ya jina la mtawa ili kumkanya na elimu ya dunia.

Mimi nilimjua kama mwanamke wa peke yake. Binti akanikatalia. Tukakaa barazani, akanieleza kuhusu Casa del Placer, kundi la watawa wa konventi kadhaa za Ureno waliopenda ushairi. Sor Juana aliwatungia mafumbo 20, yakavuka bahari. Kitabu chao kilichoandikwa kwa mkono ni cha mwaka 1695, na watawa wale waliandika vibali vyake kwa mashairi, kana kwamba wao ndio wakaguzi wa Kanisa! Waliofungiwa kuta wakajipa ruhusa wenyewe. Aprili ya mwaka huo tauni ikamuua Sor Juana akiwauguza wenzake.

Binti akanisomea fumbo la kwanza: ni muuaji gani huyu, ambaye maadamu yu hai huua, na akitoa uhai hufa?

Nikashtuka. Hicho si kitendawili? Mawazo yakanirudisha nyumbani, kwa wanawake wa pwani waliotunga ndani ya nyumba zao. Utenzi wa Mwana Kupona wa Pate, wa mwaka 1858, nao ulienea kwa kunakiliwa na kukaririwa. Tunamtaja yeye peke yake. Waliomsikiliza, waliomjibu, waliomnakili, nani anawataja? Shuleni sikuulizwa hata siku moja, na jambo hilo linaniuma.

Usiku, katika chumba cha hoteli ghali kisicho na maji ya moto, nilimtumia shangazi fumbo lile. Nilitaraji aniambie nipe mji, nimwambie jibu la binti: matumaini, yanayotuua kwa kungoja na kufa tunapopata. Shangazi hakutoa mji. Akajibu kwa sauti, "Ni siri, mwanangu," kisha akanitegea la kwake.