BMW R 1200 GS na Honda Africa Twin: maoni ya aliyezimiliki zote mbili

Kwa mwaka mmoja na nusu nililaza pikipiki mbili kubwa chini ya banda moja nyumbani kwangu Dar es Salaam: Honda Africa Twin CRF1000L ya mwaka 2016 na BMW R 1200 GS ya mwaka 2014, zote nikiwa nimezinunua mkononi kwa watu. Haikuwa anasa iliyopangwa. Nilinunua ya pili kabla sijapata mteja wa ile ya kwanza, kisha nikajikuta sina haraka ya kumpata. Nilizipitisha zote katika njia zilezile, hasa ile ya Morogoro na Iringa hadi Mbeya, mara nikiwa peke yangu na mara nikiwa nimempakia mke wangu, na mwishowe nikauza moja. Ninaandika haya kwa sababu kila anayeniuliza kuhusu pikipiki hizi huanza na nguvu ya injini, ilhali niliyobaki nayo sikuichagua kwa sababu hiyo.

Habari ya nguvu nitaimaliza haraka. Injini ya BMW ina ujazo wa cc 1,170 na hutoa nguvu za farasi 125. Ya Honda ina cc 998 na nguvu za farasi zipatazo 94. Kwenye karatasi tofauti hiyo ni kubwa, lakini katika barabara ambayo kila kijiji kina kibao cha kilomita 50 kwa saa, na pengine askari mwenye tochi amejibanza chini ya mwembe, utaihisi tu pale unapotaka kulipita lori refu ukiwa na abiria na mizigo. Wakati mwingine wote, hata farasi 94 ni wengi mno.

Jambo lililonifundisha tofauti halisi ya pikipiki hizi ni matuta. Msafiri wa barabara kuu zetu hushinda kutwa akipunguza mwendo kutoka kilomita 80 hadi 20, akivuka tuta, akiongeza mwendo, kisha akiona kibao cha tuta jingine. Shokapu za mbele za Honda ni ndefu na laini, zikiwa na nafasi ya kucheza ya milimita 230, na ukikamata breki pua ya pikipiki huzama. Ukiwa peke yako unazoea. Ukiwa na abiria, uzito wake hukujia mgongoni na helmeti yake hugonga yako, na kati ya Morogoro na Iringa jambo hilo hutokea mara nyingi kiasi kwamba mke wangu alianza kuyahesabu matuta kwa sauti. BMW imeundwa kwa namna nyingine, inayoitwa Telelever: mirija ya mbele kazi yake ni kuongoza gurudumu, na mshtuko hubebwa na shokapu moja iliyounganishwa na mkono wa chuma uliofungwa kwenye mwili wa pikipiki, hivyo nguvu ya breki haigeuki kuwa kuzama kwa pua. Unakamata breki na pikipiki inashuka mwendo ikiwa imetulia karibu sawasawa. Mara ya kwanza nilidhani breki hazishiki vizuri, kumbe kilichokosekana ni kule kuinama kwa pua nilikokuzoea.

Jambo la pili ni pancha. Africa Twin ya aina yangu ina rimu za spoku zinazohitaji tyubu. Msumari ulinikuta karibu na Doma, kabla ya kuingia Hifadhi ya Mikumi, ambamo barabara kuu hupita mwendo wa kilomita 50 hivi na si mahali pa mtu kukaa chini kufungua gurudumu. Nilishusha mizigo yote, nikamtafuta kijana wa pancha wa pale kijijini, tukalitoa gurudumu la nyuma, tukalibandua tairi kwa vyuma vyake na kuziba tyubu kwa kiraka. Kijana alifanya kazi safi, lakini saa moja na nusu ilikwenda. BMW nayo ina spoku, ila zimefungwa kwenye kingo za rimu badala ya kutoboa katikati yake, kwa hiyo tairi halihitaji tyubu. Nilipopata msumari nayo karibu na Makambako, niliuchomoa, nikapenyeza kipande cha mpira kwa nje, nikajaza upepo kwa pampu ndogo niliyokuwa nayo, na gurudumu halikutoka mahali pake. Tangu siku hiyo nimekuwa mgumu kumsikiliza mtu anayeniambia kwamba tyubu ni jambo dogo.

Lakini lami inapokwisha, hesabu hugeuka. Kutoka Chimala kupanda Matamba, kuelekea Kitulo ile wanayoiita Bustani ya Mungu, kuna njia inayoitwa Hamsini na Saba kwa sababu ya idadi ya kona zake. Nilipoipanda ilikuwa vumbi na mawe mwanzo hadi mwisho, na gurudumu la mbele la Honda, lenye inchi 21, liliyavuka mawe kana kwamba linayafahamu. BMW yenye gurudumu la inchi 19 nayo ilipanda, ila mimi ndiye niliyefika juu nikiwa hoi. Kampuni zote mbili hupenda kutukumbusha mashindano ya Paris–Dakar, zile mbio ndefu za kuvuka jangwa, na zote zina haki: BMW ilishinda mwaka 1981, Honda ikashinda mara nne mfululizo kuanzia 1986 hadi 1989. Lakini kwenye kona ya arobaini na kitu ni Honda pekee iliyonifanya niamini habari hizo. Mchanga wa kati ya Saadani na Pangani ulinithibitishia, kwani hapo BMW niliilaza kwa uzembe wangu mwenyewe. Nafuu yake ni kwamba mitungi ya injini imejitokeza pembeni, hivyo haikulala chini kabisa, na watu wawili waliweza kuisimamisha na kilo zake 238.

Kuhusu matunzo, cheni ya Honda hudai kupakwa mafuta mara kwa mara, hasa baada ya vumbi na tope, na mimi si mtu wa kukumbuka. BMW haina cheni; gurudumu la nyuma huzungushwa na shafti, ambayo huhitaji oili mpya kwa ratiba yake na basi. Ajabu ni kwamba hata kupima valvu ni rahisi zaidi kwenye BMW, kwa kuwa mitungi iko nje ambapo fundi anaifikia bila kufungua tangi. Mahali Honda inapopumua kwa raha ni kwenye mafuta: mgandamizo wa injini yake, yaani kiasi inachobana hewa na petroli kabla ya kuwasha, ni 10 kwa 1, dhidi ya 12.5 kwa 1 wa BMW, na injini yenye mgandamizo mdogo haichagui sana mafuta, hivyo petroli ya chupa ya kijijini nilikuwa nikiitia bila wasiwasi mwingi.

Nilipojihesabia safari zangu kwa uaminifu, nikaona kwamba karibu zote ni za lami, nyingi nikiwa na abiria, na Hamsini na Saba nimeipanda mara mbili tu maishani. Nikauza Honda. Aliyeinunua anafanya kazi Njombe na hupita barabara za vumbi kila wiki. Nilimweleza habari ya tyubu bila kuficha, nikampa na mbili za akiba.