Usingizi wa Leo na Mbegu za Miezi Mitatu Ijayo

Mwanamume anayepeleka sampuli ya shahawa maabara hupimwa, kwa kiasi kikubwa, namna alivyoishi miezi miwili au mitatu iliyotangulia. Mbegu ya kiume huchukua takriban siku 74 kuumbika ndani ya korodani, kisha hupita kwa siku kadhaa katika mrija uliojikunja nyuma yake, ambamo hupevuka na kupata uwezo wa kuogelea. Kwa sababu hiyo siuamini ushauri wa kulala mapema kwa wiki moja kabla ya kipimo, kana kwamba korodani nazo husoma kalenda ya daktari.

Usingizi huigusa kazi hiyo hasa kupitia homoni. Ubongo huiamrisha tezi ya pituitari, nayo tezi hiyo hupeleka ujumbe kwa korodani ili zitengeneze testosteroni, ambayo bila ya kuwapo kwa wingi humo humo ndani, mbegu haziumbiki ipasavyo. Kwa kijana mwenye afya, kiwango chake katika damu huanza kupanda baada ya kusinzia, hufika kileleni karibu na wakati wa kuamka, kisha hupungua kadiri siku inavyosonga. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha matokeo ya vijana 10 waliolala saa tano tu kila usiku kwa muda wa wiki moja, na testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Hao ni watu wachache, na kilichopimwa ni homoni wala si mbegu, lakini kushuka kiasi hicho kwa wiki moja tu, tena kwa vijana wasio na ugonjwa wowote, si jambo la kupuuzwa.

Kuhusu mbegu zenyewe, utafiti ninaouona kuwa na uzito zaidi ni ule wa Denmark wa mwaka 2013, uliohusisha vijana 953. Waliolalamikia usumbufu mkubwa wa usingizi walikuwa na msongamano wa mbegu ulio chini kwa asilimia 29 kuliko wale waliokuwa na usumbufu mdogo. Cha kushangaza ni kwamba hata wale wasiokuwa na usumbufu wowote hawakuwa na matokeo bora kuliko wote. Mfano wa namna hii umejitokeza pia katika tafiti za saa za kulala, ambapo wanaolala kidogo mno na wanaolala kupita kiasi wote huelekea kuwa na hali dhaifu kuliko wa katikati, yaani wale wanaolala saa saba hadi nane hivi. Tafiti za aina hii hazithibitishi kwamba usingizi ndio chanzo, kwa maana msongo wa mawazo, unene na pombe huharibu usingizi na mbegu kwa wakati mmoja.

Wingi wa saa, hata hivyo, ni nusu tu ya habari. Ndani ya ubongo, juu ya mahali mishipa ya macho inapopishana, kuna kikundi cha seli za neva zipatazo 20,000 ambacho ndicho saa kuu ya mwili, nacho hurekebishwa kila siku na mwanga unaoingia machoni. Hata seli za viungo vingine zina saa zake, na Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2017 ilitolewa kwa Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young kwa kufichua jinsi saa hizo zinavyofanya kazi. Mwanga mkali wa usiku, ukiwemo wa simu, huchelewesha melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba giza limeingia. Anayepanda kitandani saa nane usiku leo na saa nne usiku kesho huilazimisha saa hiyo kuhama kila mara, hata kama jumla ya saa zake inatosha.

Wafanyakazi wa zamu ya usiku wanastahili uangalifu wa pekee. Testosteroni hupimwa asubuhi kwa kudhaniwa kwamba mtu ndiyo kwanza ameamka, ilhali wao asubuhi huwa hawajalala bado, na homoni hiyo hufuata usingizi kuliko inavyofuata jua. Ni vyema basi wamweleze daktari walilala lini kabla damu haijachukuliwa. Vivyo hivyo, anayekoroma sana na kukatika pumzi usingizini atibiwe tatizo hilo kwanza, kwa kuwa kulala mapema pekee hakutamsaidia.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni mwanamume mchovu, asiyelala vya kutosha, anayejichoma sindano za testosteroni akidhani anaongeza nguvu za uzazi. Homoni ya kutoka nje huufanya ubongo uache kuziamrisha korodani, mbegu hupungua hata kufikia sifuri, na baada ya sindano kuachwa huchukua miezi mingi, kwa wengine zaidi ya mwaka, kabla hazijarudi.