Nyama ya Idi kwenye vichanja vya dagaa

Asubuhi ya Idi pili nilifungua friza nikapokelewa na joto. Umeme ulikuwa umekatika usiku, na nyama tuliyoijaza humo jioni, ikiwa bado na uvuguvugu wa kuchinjwa, haikuwahi kuganda. Ya juu ilianza kuteleza mkononi, ya chini ilikuwa imelala kwenye maji mekundu. Nikainusa kipande kwa kipande. Ilikuwa nzima, ila kufika jioni isingefika.

Hiyo ni tarehe 18 Juni 2024, nyumbani kwetu Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Shemeji zangu wawili, mmoja yuko Dar es Salaam na mwingine Tabora, walikuwa wametuma pesa wachinjiwe hapa kwao. Kwa hiyo tulikuwa na mbuzi wawili, wetu na wa shemeji wa Dar, na fungu moja la ng'ombe aliyechangiwa na watu saba. Tuligawa siku ileile ya Idi: fungu la maskini, fungu la ndugu na majirani, fungu la nyumbani. Fungu la ndugu ndilo lililotuletea shida. Wageni kumi walitarajiwa kwa treni kutoka Tabora, nasi tuliwawekea chao. Wakapata msiba, hawakuja. Nikaazima mizani ya dukani: kilo 26, bila kuhesabu vichwa na miguu.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kuchemsha yote. Mama mkwe alikuwa ameketi barazani na tasbihi yake, akaniita.

"Mwanangu, mwaka huu ziwa limefungwa. Kabla hujafikiria akiba, fikiria nani jana hakula."

Wa mbali huenda hajui: mwaka ule uvuvi wa Ziwa Tanganyika ulisimamishwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaane. Kwa mji kama wetu, ambako migebuka na dagaa ndio kitoweo cha kila siku na ndio mshahara wa nyumba nyingi, ilikuwa miezi mizito. Mama akanikumbusha jambo nililowahi kulisikia darsani bila kulitia maanani. Kuna mwaka Mtume, rehema na amani zimfikie, aliwakataza watu kuweka nyama ya kuchinja zaidi ya siku tatu, kwa sababu wahitaji walikuwa wengi mjini. Mwaka uliofuata akawaruhusu: kuleni, toeni, wekeni akiba. "Sisi tuko kwenye mwaka ule wa kwanza," akasema Mama. Sikuwa na la kujibu.

Basi vichwa, miguu na mifupa yote ikaingia kwenye masufuria mawili makubwa, pamoja na nyama ya mbavu, kama kilo nane hivi. Tangawizi, limau, chumvi, pilipili pembeni. Kufikia saa saba mchana watoto walikuwa wanapeleka supu kwa vidumu nyumba za wavuvi mtaani kwetu, ikiwa ya moto. Mama alitaja nyumba moja baada ya nyingine, hakuna aliyoisahau. Maini na utumbo tulikuwa tumeshavimaliza jana, maana hivyo ndivyo vinavyowahi kuharibika. Sufuria ya pilau iliyolala imefunikwa jikoni tangu usiku niliimwaga, na iliniuma mno. Ilikuwa imechacha, na wali wenye nyama ukishalala na joto lake namna ile, kuupasha moto hakuuponyi.

Zikabaki kilo 18, minofu mitupu ya ng'ombe na mapaja ya mbuzi, na jua lilikuwa linapanda.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu anaishi bibi ambaye ameanika dagaa maisha yake yote. Mtaa mzima tunamwita Bibi. Tangu Mei vichanja vyake vilikuwa vitupu, miti imekauka, kuku wanalala chini yake. Nilimkuta anapepeta mchele.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Nimesikia friza imekutenda."

Nikamwomba vichanja. Akaacha ungo, akaniuliza nina chumvi kiasi gani. Nikamwambia nusu paketi. Akacheka kidogo, akaingia ndani, akatoka na kiroba cha chumvi ya Uvinza, ile ya punje nene. "Dagaa ni mdogo, jua linampitia," akasema. "Nyama ni nene. Ukiianika kama dagaa utaanikia nzi."

Alichonifundisha siku ile nakieleza kama kilivyo, kwa sababu nimeona wengi wakiambiwa tu "kausha nyama" wanaishia kuitupa.

Kwanza tuliondoa mafuta yote. Mafuta hayakauki, yanaganda kwenye nyama na baada ya wiki mbili yanatoa ule uchungu wa kuchacha. Niliyayeyusha pembeni, nikakaangia humo kilo nne za mapaja ya mbuzi hadi maji yakaisha kabisa, nikazipanga kwenye chungu na kuzifunika kwa mafuta yaleyale ya moto. Hizo tulizila wiki ileile.

Kilo 14 zilizobaki zikapita kwenye kisu. Bibi alikata kwa kufuata nyuzi za nyama, si kuzikatiza. Alishika pande la paja kwa mkono wa kushoto, akapitisha kisu kama anayefungua kitabu, akalizungusha, akapitisha tena, hadi pande likawa utepe mrefu kama mkono wangu toka kiwiko hadi kiganja, unene wake sawa na kidole kuanzia mwanzo hadi mwisho. Zangu hazikutoka hivyo. Nyingine zilikuwa nene mara mbili ya za kwake, akazitazama bila kusema kitu.

Maji ya chumvi alipima kilo moja kwa lita saba. Tepe zikazama humo dakika tano, si zaidi, kisha tukazitundika kwenye waya tulizozipinda ziwe ndoano, juu ya kichanja, kila moja na nafasi yake. Mahali zinapogusana ndipo zinapooza. Mikono yangu ilikuwa na michubuko ya siku ya Idi, na chumvi ile iliichoma hadi usiku.

Nilileta chandarua cha zamani cha kufunikia. Bibi akakirudisha mikononi mwangu. "Hiki kina dawa ya mbu. Mtaila?" Tukafunika kwa mapazia yangu mawili ya neti, na chini Bibi akawasha moto mdogo wa magome ya mwembe, moshi tu usio na ndimi. Hatari kubwa ya nzi ni saa zile za kwanza, nyama ikiwa bado na unyevu juu. Ikishapata ngozi kavu wanakosa pa kutagia. Juni kwetu ni kiangazi kikavu chenye upepo, na hilo lilitusaidia kuliko yote. Mwezi wa masika nisingethubutu.

Jioni tuliziingiza ndani zisipate umande, asubuhi tukazitoa. Usiku mwezi ulikuwa mkubwa, unakaribia kujaa, na wanangu walikaa nje hadi saa nne wakilinda vichanja dhidi ya paka ingawa vilikuwa vitupu.

Siku ya tatu nilidhani tumemaliza. Zilikuwa nyeusi na ngumu. Bibi akachukua moja ya zile nene nilizokata mimi, akaivunja katikati. Nje mti, ndani laini na nyekundu, na harufu ya uchachu ikatoka. Chumvi na jua vilikuwa vimefunga ngozi kabla unyevu wa ndani haujatoka. Tulizipitia zote kwa vidole, tukizibinya urefu wote kutafuta palipo laini. Tisa zikatupwa, zote kisu changu. Nililia, si kwa ajili ya nyama tu. Nilikuwa nafikiria zile nyumba ambazo Mama angeweza kuziongeza kwenye orodha yake.

Siku ya tano zilikuwa tayari. Ukiipinda inakatika kama kijiti, na ndani rangi ni moja na ya nje. Mizani ya dukani ikasema kilo tatu na robo. Nyama mbichi sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo usishtuke kikapu kikiwa chepesi. Theluthi moja nilimpa Bibi. Alikataa mara mbili, mara ya tatu Mama akaipeleka mwenyewe, akakubali. Yetu nikaiacha ipoe kabisa, nikaiweka kwenye kikapu cha ukindu juu ya dari, mbali na mvuke wa jiko. Kila Ijumaa nilikishusha kutazama kama kuna ukungu au wadudu.

Kupika kwake kunataka subira. Unaziosha, unaziloweka usiku kucha, maji yale ya chumvi unayamwaga. Unachemsha saa nzima na zaidi hadi zilainike, kisha unazitia kwenye kinu na kuzitwanga kidogo, ziachane nyuzi. Baada ya hapo ni mawese, kitunguu, nyanya, nyanya chungu mbili tatu, na karanga zilizosagwa mwishoni. Usitie chumvi mpaka uonje. Kwa ugali wa muhogo, tepe nne zilitutosha watu saba, na mchuzi wake una ladha nzito ambayo nyama mbichi haina. Baba watoto, ambaye siku ya kwanza aliniambia ninajisumbua, ndiye aliyekuwa akiuliza kila Jumapili kama leo ni ile.

Ziwa lilifunguliwa 15 Agosti, lakini mwezi ulikuwa unakaribia kujaa tena, na dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Vichanja vikakaa vitupu siku kadhaa zaidi. Kikapu changu kikatufikisha.

Mwisho wa mwezi Bibi alipita mlangoni na beseni kichwani, magamba yanang'aa hadi viwikoni. Akanijazia bakuli la dagaa wa jua moja. Kwenye kikapu zilikuwa zimebaki tepe sita. Nikaziloweka usiku uleule, na kesho yake mwanangu akapeleka bakuli kwa Bibi, limefunikwa kwa sahani.