Kulungu hawahami, wanabadilisha saa

Msimu wa uwindaji ukifunguliwa, wengi husema kulungu wamehama. Nimewafuatilia kwa kamera za msituni kwa miaka kadhaa na ninachokiona ni kingine kabisa: wapo palepale, ila mchana hawajitokezi. Kulungu wa mkia mweupe waliokuwa wakila uwandani jua bado likiwaka, siku chache tu baada ya milio ya kwanza ya bunduki huanza kutokea giza likishaingia. Mchana wanajilaza kwenye vichaka vizito ambako binadamu hapiti. Wakati mwingine ni karibu kabisa na njia, nawe unapita bila kujua.

Majike wakubwa ndio wananistaajabisha zaidi. Mtu akiacha harufu yake kwenye njia yao jioni, asubuhi wanaizunguka kwa mbali, pua zikinusa upepo, watoto wakifuata nyuma.

Kisha inafika Novemba, na katika sehemu nyingi za Marekani madume wanasahau tahadhari yote hiyo. Mchana unavyozidi kufupika, homoni zinapanda, shingo zinavimba, wanaparura ardhi na kusugua pembe kwenye miti. Dume aliyejificha wiki nzima utamwona saa sita mchana akikatiza barabara, mbio, akimfuata jike.

Madereva, nawaomba sana mpunguze mwendo kipindi hiki, hasa alfajiri na magharibi. Akivuka mmoja, subirini kwanza. Mara nyingi yupo mwingine nyuma yake.