Ukija Nairobi kusomea upasuaji, hesabu wagonjwa kabla ya kuchagua mada

Daktari anayevuka Namanga kuja kusomea upasuaji huogopa mitihani na zamu za usiku. Mara nyingi kinachomchelewesha kuhitimu ni tasnifu.

Tuseme unapima ni wangapi wanaotunga usaha kwenye mshono baada ya kupasuliwa tumbo, nawe unakisia asilimia 20. Ukitaka jibu lisipishane na ukweli kwa zaidi ya pointi 5, fomula ya kawaida inadai wagonjwa 246. Weka akiba ya watakaopotea, mmoja katika kila kumi, wanakuwa 274. Wodi ikipata wanne kwa wiki, hizo ni wiki 69, na kabla hazijaisha utakuwa umeshahamishiwa kitengo kingine. Ukikubali pointi 7 unahitaji 126, pamoja na akiba 140: wiki 35. Hao wanne kwa wiki wahesabu kwenye rejista ya chumba cha upasuaji. Ukiwauliza wakubwa, watakutajia idadi ya mwezi ule uliokuwa na shughuli nyingi.

Vibali vina mpangilio: kamati ya maadili kwanza, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya Kenya inayotoa leseni za utafiti, kisha ruhusa ya hospitali yenyewe. Mgonjwa uliyemsajili kabla ya kibali hahesabiwi, hata awe mmoja. Leseni ni ya mwaka mmoja, kwa hiyo anza kuihuisha mapema.

Kazi ngumu kuliko zote ni kumfuatilia mgonjwa siku ya 30 baada ya upasuaji. Vidonda vingi huharibika mgonjwa akiwa ameshatoka, na wakati huo yuko ushago, yaani kijijini kwao, simu imezimwa. Chukua namba tatu: yake, ya aliyemleta, na ya anayeishi naye. Zipige akiwa bado kitandani, usikie zikiita. Siku ikifika usimuulize "Kidonda kinaendeleaje?", maana atajibu "Niko sawa, daktari." Muulize bandeji ya mwisho ilikuwa na rangi gani, ilinuka, na kama kuna uzi ulioachia.

Jaza fomu kabla hujatoka wodini. Ya kujaza baada ya zamu hubaki na mapengo, na faili ukiirudia wiki ijayo huenda usiione.

Tafuta mwenzako wa mwaka mmoja nawe, mmoja asajili wagonjwa siku ambayo mwingine anapasua. Jina la nani litatangulia kwenye makala ya utafiti, liandikeni na mtie sahihi kabla ya mgonjwa wa kwanza.