Tundu jeusi katikati ya taa

Zilikuwa zimebaki siku 9 tupeleke mchoro wa chipu kiwandani. Chipu yenyewe ilikuwa ya kusoma picha za kamera ya mbele ya gari: mistari ya barabara, waenda kwa miguu, taa. Kipande changu kilikuwa kidogo, chujio la kulainisha picha kabla haijafika kwenye kitengo cha kutambua vitu. Majaribio yote yalikuwa yamepita, nami nilishaanza kutembea kifua mbele.

Ndipo dada mmoja wa timu ya majaribio akaniita. Alikuwa ameipakia saketi yetu kwenye bodi ya kuigizia chipu. "Kaka, hebu tazama," akasema, akaiwasha tochi ya simu mbele ya lenzi. Kwenye skrini, pale mwanga ulipokuwa mkali kabisa, palitokea tundu jeusi lililozungukwa na pete, nyeupe, nyeusi, nyeupe, kama jiwe limetupwa majini. Akaizima, akaiwasha tena. Tundu likarudi palepale. Nikawaza gari linatoka kwenye handaki mchana wa jua kali.

Kwanza nilisingizia kamera. (Kamera haijitetei.) Kisha nikachukua kalamu. Chujio langu lilichukua pikseli 25, likazidisha kila moja kwa uzito wake, likajumlisha. Uzito wote kwa pamoja ni 256. Kamera ya zamani ilikuwa ya biti 10 (biti ni tarakimu moja, 0 au 1), namba yake ya juu kabisa 1,023. Mara 256 ni 261,888, inaenea kwenye biti 18. Baadaye tukahamia kamera ya biti 12: 4,095 mara 256 ni 1,048,320, hiyo inataka biti 20. Mlango wa kuingilia niliupanua. Rejista ya kujumlishia, yaani nafasi inayoshika jumla, nikaiacha na biti 18 zake, na ikijaa inaanza tena sifuri kama mita ya kilomita; na sifuri kwenye picha ni nyeusi. Video zetu za majaribio? Zote za kamera ya zamani; haikuwamo hata pikseli moja ya kuijaza.

Programu ukiikosea, unatuma toleo jipya. Silikoni ikishatoka kiwandani, imetoka.

Marekebisho yalikuwa mistari michache tu: biti mbili zaidi, na sharti kwamba jumla ikifika kileleni ibaki hukohuko. Tochi ikawashwa, duara likawa jeupe pee. Dada akaondoka zake. Mimi nikabaki, nikatafuta namba 18 kwenye faili zangu zote. Niliikuta mahali pengine pawili.